Nani Anashika Kalenda? Urithi wa Ukumbi wa Maonyesho wa Kitaifa, Nairobi

  Waandalizi wa kikao hiki waliniomba nizungumzie urithi wa utamaduni wa jiji letu. Jiji lina majengo mengi ya kale na kila moja lina mambo yake, nikaomba ruhusa nishike moja tu, nilizungumzie kwa kina. Nalo ni Ukumbi wa Maonyesho wa Kitaifa, ule ulioko Barabara ya Harry Thuku, unaotazamana na Hoteli ya Norfolk, mwendo mfupi kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Wengi wenu mmewahi kuketi humo. Baadhi yenu, nawaona hapo mbele, mmewahi kusimama jukwaani mwake.

Lengo langu ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba urithi wa ukumbi ule umo katika kalenda yake. Nani alipewa tarehe, nani alinyimwa, nini kilichezwa, kwa lugha gani, mbele ya hadhira gani: hayo ndiyo yaliyoufanya ukumbi huo kuwa wa kihistoria. Wapo wanaosema kazi ya kuhifadhi imekwisha, maana ulifanyiwa ukarabati na Rais Uhuru Kenyatta akaufungua upya Septemba 2015. Ukarabati ule naushukuru kwa dhati, kwa kuwa msanii hawezi kufanya kazi nzuri katika ukumbi mbovu. Hata hivyo, ukumbi unaweza kuwa na rangi mpya na viti vipya huku kilichoupa heshima kikiendelea kusahaulika. Nitaeleza kwa hoja tano. Hazilingani kwa urefu. Ya pili nitakaa nayo zaidi, na nawaomba mnivumilie nikifika hapo.

Hoja ya kwanza: ukumbi ulizaliwa mahali pazito na katika saa nzito

Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ukumbi huu ni sehemu yake, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1951. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa Novemba 1952, na aliyeufungua alikuwa Sir Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Sasa tazameni tarehe hiyo pamoja nami. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa usiku wa kuamkia siku iliyofuata. Kwa hiyo wakati pazia la ukumbi linafunguliwa kwa mara ya kwanza, nchi ilikuwa imeshaingia vitani.

Mahali napo palikuwa na historia yake. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika karibu na hapo, nje ya kituo cha polisi, kudai Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika aliyekuwa ametiwa mbaroni, aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliokuwa wakisitasita, akasonga mbele. Polisi walifyatua risasi, na masimulizi yanayojulikana sana yanasema walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Hoteli ya Norfolk nao walipiga. Idadi ya waliokufa iliyotolewa na serikali na ile iliyotajwa na walioshuhudia hazikulingana. Miaka 30 baadaye, jumba la maonyesho likasimamishwa upande wa pili wa barabara hiyo. Leo barabara inaitwa kwa jina la Thuku. Kila anayekwenda kutazama mchezo pale anapita juu ya ardhi hiyo, ajue asijue.

Waasisi wa kituo walikuwa na nia waliyoitamka: watu wa rangi mbalimbali wakutane kwa njia ya sanaa. Sina sababu ya kudai kwamba wote walikuwa wanadanganya. Lakini hebu tufikirie mambo ya kawaida kabisa. Mwafrika wa Nairobi wakati huo alikuwa akiishi upande wa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani. Hakuruhusiwa kupanga nyumba karibu na ukumbi. Muziki wake, ngoma zake na michezo yake alivifanyia katika kumbi za kijamii za mitaa hiyo, kama Pumwani na Kaloleni. Halafu Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, maelfu kwa maelfu ya wakazi Waafrika wakazolewa mitaani na kupelekwa vizuizini. Ili mtu aende kutazama mchezo saa mbili usiku, lazima kwanza awe huru kutembea saa mbili usiku. Uhuru huo mwenyeji wa Kaloleni hakuwa nao.

Kwa hiyo kalenda ya miaka ya mwanzo ilijazwa na wale walioweza kufika: vikundi vya Wazungu wapenda maigizo, wakicheza tamthilia za kwao kwa ajili ya watu wao. Wao hawakuwa hata na shida ya nafasi. Donovan Maule na mkewe Mollie walianzisha kampuni yao ya maigizo mjini mwaka 1948, na mwaka 1958 wakafungua ukumbi wao wenyewe. Ukumbi wa Donovan Maule leo haupo tena. Jina lake limebaki kwa wazee waliowahi kuingia humo, na watoto wetu hawalijui kabisa. Nautaja ili tusije tukadhani kwamba jumba la maonyesho ni kitu kisichoweza kutoweka.

Nisiwe mchoyo wa haki lakini. Kuanzia mwaka 1959, mashindano ya maigizo ya shule yalianza kuleta vijana jukwaani, na baada ya uhuru vijana hao wakawa Waafrika kwa wingi. Mlango ulianza kufunguka kutokea madarasani. Tutaurudia mlango huo.

Hoja ya pili: mwaka 1976 ugomvi ulikuwa juu ya tarehe

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mapema mwaka 1977 kulikuwa na tamasha kubwa la sanaa za watu weusi na Waafrika mjini Lagos, Nigeria, lililojulikana kama FESTAC. Kenya ilichagua tamthilia mbili za kuiwakilisha. Ya kwanza ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, iliyoongozwa na Seth Adagala. Ya pili ilikuwa Betrayal in the City, ya Francis Imbuga, iliyoongozwa na Tirus Gathwe. Ilionekana ni jambo la wazi kwamba kabla ya kwenda Lagos michezo hiyo ichezwe nyumbani, katika ukumbi wenye jina la taifa, mwezi wa Oktoba, mwezi ambao wakati ule tuliadhimisha Siku ya Kenyatta kukumbuka mapambano ya uhuru.

Waandalizi wa michezo hiyo walipoomba nafasi waliambiwa kalenda imejaa. Zilikuwa zimepangwa komedi ya muziki kutoka Marekani na balei kutoka Ufaransa. Baada ya mvutano mrefu, uliofika hadi magazetini, michezo miwili ya Wakenya ilipewa siku chache tu, igawane. Nawaomba mlitafakari jambo hili bila haraka. Nchi ilikuwa huru kwa karibu miaka 13. Ukumbi ulikuwa unaitwa wa kitaifa. Michezo ilikuwa imeteuliwa na taifa lenyewe kulibebea jina ugenini. Na bado ilibidi iombe kuingizwa katikati ya ratiba ya wageni. Hakuna aliyeipiga marufuku. Hakuna askari aliyetumwa siku hiyo ya maombi. Ilitosha mtu kufungua daftari na kusema tarehe hiyo ina mwenyewe.

Na ilikuwa michezo gani? Nawaeleza wanafunzi mliopo, maana pengine mmesoma Betrayal in the City kwa ajili ya mtihani mkaishia kwenye maswali ya mtihani. Mchezo unafunguka kando ya kaburi. Baba na mama, Doga na Nina, wako kwenye kaburi la mwana wao Adika, mwanafunzi aliyepigwa risasi katika maandamano. Kaburi limepasuka ufa. Wazazi hawa wanataka jambo dogo tu ambalo mila inawadai: ibada ya kunyoa nywele. Hata hilo wanazuiwa. Imbuga hakuanza na hotuba juu ya madaraka. Alianza na wazee wawili wasioruhusiwa kumaliza msiba wao. Nchi aliibuni akaiita Kafira, lakini watu waliokuwa wameketi ukumbini Oktoba ile hawakuhitaji ramani.

The Trial of Dedan Kimathi ilikuwa na uzito wa aina nyingine. Waandishi wake walikuwa wamekwenda Karunaini, Nyeri, alikozaliwa Kimathi, wakazungumza na watu waliomfahamu. Wakamleta jukwaani kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau aliyekamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa. Kumbukeni pia jambo ambalo mara nyingi tunalipita: mwaka 1976 marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilikuwa ingali katika vitabu vya sheria vya Kenya. Iliondolewa mwaka 2003. Sanamu ya Kimathi mnayoiona mjini katika barabara yenye jina lake ilizinduliwa Februari 2007. Jukwaa lile lilimsimamisha Kimathi hadharani zaidi ya miaka 30 kabla ya shaba.

Ngũgĩ amesimulia usiku wa kwanza wa mchezo huo katika mihadhara aliyoitoa Oxford, iliyochapishwa baadaye kwa jina Penpoints, Gunpoints, and Dreams. Mchezo ulipomalizika, waigizaji walishuka jukwaani wakiimba na kucheza, wakapita katikati ya ukumbi. Watazamaji wakainuka wakaungana nao. Wakatoka nje ya mlango wakiendelea kuimba, wakaelekea barabarani, upande wa Norfolk, mahali pale pale pa 1922. Polisi wakawazuia wasivuke. Kwa muda mfupi, watu wa Nairobi walikuwa wameunganisha jukwaa na barabara, hadithi ya 1956 na damu ya 1922, kwa miguu yao wenyewe. Mimi nauhesabu usiku huo kuwa mali kubwa kuliko chochote kilichomo ndani ya jengo lile, na hakuna hata kibao kimoja kinachohitajika ili tuuthamini. Unahitaji kusimuliwa, na unahitaji mchezo wenyewe urudi jukwaani.

Niongeze jambo moja kabla sijatoka hapa, kwa sababu wapo kati yetu wageni kutoka Kampala. Katika tamasha lile la Lagos, Uganda ilipeleka mchezo wa Byron Kawadwa, Oluyimba lwa Wankoko. Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Kitaifa wa Kampala, ule uliofunguliwa Desemba 1959, na ambamo mwaka 1962 ilichezwa The Black Hermit ya Ngũgĩ katika shamrashamra za uhuru wa Uganda. Aliporudi kutoka Lagos, Kawadwa aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kumbi hizi mbili ni ndugu, na historia zake zingepaswa kufundishwa pamoja.

Hoja ya tatu: mlango uliofungwa nao ni sehemu ya urithi

Mnaifahamu hadithi ya Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru. Wakulima, wafanyakazi wa mashamba ya majani chai na wa kiwanda cha viatu walijenga ukumbi wao usio na paa, kwa mikono yao. Mwaka 1977 wakacheza Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ikiongozwa na Kĩmani Gecaũ. Mchezo ulipigwa marufuku Novemba, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba. Yote hayo yalitokea Limuru na Kamiti. Yanahusu nini ukumbi wetu wa mjini?

Yanahusu kwa sababu ya Februari 1982. Wanakijiji wale walikuwa na mchezo mpya, Maitũ Njugĩra, kuhusu maisha chini ya kipande, kitambulisho ambacho wafanyakazi Waafrika walilazimishwa kubeba, na sheria za kazi za kikoloni, uliojaa nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Safari hii waliamua kuuleta jijini, katika ukumbi wa taifa. Walikuwa wakiomba jambo kubwa kuliko tarehe: mfanyakazi wa shamba asimame jukwaani pale, aimbe kwa lugha yake, aseme mambo yake. Waliomba leseni, jibu halikuja. Tarehe 19 Februari 1982, siku ya ufunguzi, walikuta milango imefungwa na polisi wako pale.

Hawakurudi nyumbani. Waliendelea na mazoezi katika ukumbi wa Chuo Kikuu, hatua chache kutoka pale, na mazoezi hayo yakawa ndiyo maonyesho. Watu walikuja kwa maelfu. Wengine walikodi mabasi kutoka mbali. Baadaye chuo nacho kikafungwa kwao. Tarehe 12 Machi, malori matatu ya polisi wenye silaha yalipelekwa Kamĩrĩĩthũ, na ukumbi uliojengwa na wanakijiji ukabomolewa wote. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, wakaendeleza kule maigizo ya jamii. Mĩcere Mũgo naye alikwenda huko. Zimbabwe ilipata walimu ambao Kenya iliwafukuza.

Wakati mwingine, tunapoandika historia ya jengo, tunaorodhesha yaliyochezwa. Mimi nashikilia kwamba katika orodha ya Ukumbi wa Kitaifa, tarehe 19 Februari 1982 lazima iandikwe: Maitũ Njugĩra, haikuchezwa, mlango ulifungwa. Historia isiyo na mstari huo imekatwa.

Mtaniambia hayo ni ya zamani. Mwaka 2013, mchezo wa wasichana wa shule ya Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa usichezwe katika tamasha la kitaifa la maigizo ya shule, hadi mahakama ilipoamuru uchezwe. Aprili 2025, shule hiyo hiyo ilikwenda Nakuru na Echoes of War. Mahakama ilikuwa imeshaamuru waruhusiwe. Walinyimwa hadhira, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani, na gesi ya kutoza machozi ikarushwa. Wale ni watoto wa shule ya sekondari. Na tamasha lile ndilo lililokulia kwenye ukumbi tunaouzungumzia. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake. Walimu mliopo, kisomeni darasani siku ile ile mnayofundisha tamthilia.

Hoja ya nne: lugha za jukwaa

Hapa nitakwenda upesi zaidi, ingawa jambo lenyewe naliona la haraka.

Kenya ina tamthilia za Kiswahili za kutosha kuujaza ukumbi ule mwaka mzima. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kutoka Tanzania, ilitoka mwaka 1969 na vizazi vya wanafunzi wetu vimeisoma. Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui ilitoka 1981, na mwaka uliofuata mwandishi wake akawa miongoni mwa wahadhiri waliotiwa kizuizini. The Trial of Dedan Kimathi yenyewe ilipata Kiswahili chake, Mzalendo Kimathi, mwaka 1978. Lakini Kiswahili jukwaani kimeachiwa zaidi vikundi vinavyozungukia shule na vitabu teule vya mtihani. Vikundi hivyo vinafanya kazi ya heshima, tena kwa malipo madogo, na ndivyo vilivyowapa waigizaji wengi mkate wao. Walakini mtoto anayekutana na Kiswahili cha jukwaani kwa sababu ya mtihani peke yake ataachana nacho mtihani ukiisha.

Mnamo 2012, kikundi cha waigizaji wa Afrika Mashariki kilicheza Shakespeare kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London. Mchezo uliitwa Wanawake wa Heri wa Winsa. Waingereza waliketi wakasikiliza Kiswahili chetu katika jukwaa la mwandishi wao mkubwa. Kama London ilipata tarehe kwa ajili ya Kiswahili, Nairobi itakosaje?

Lugha nyingine za Kenya zilikwishajitafutia njia. Marehemu Wahome Mutahi, ambaye wengi mlimsoma gazetini kama Whispers, alipeleka michezo ya Kigĩkũyũ kwenye mabaa na hoteli, na watu wakaja. Hadhira ilikuwako muda wote. Kilichokosekana ni chumba. Kisha Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ikachezwa katika Ukumbi wa Kitaifa, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza. Ilichukua miaka 45 kutoka Limuru hadi Barabara ya Harry Thuku, safari ambayo kwa matatu haifiki hata saa mbili. Nafurahi kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o aliishi hadi akasikia habari hiyo.

Hoja ya tano: kumbukumbu zinakufa kwa kasi kuliko jengo

Francis Imbuga alitutoka Novemba 2012. Mĩcere Mũgo, Juni 2023. Ngũgĩ wa Thiong'o, Mei 2025. Vitabu vyao tunavyo. Maonyesho je? Tamthilia iliyochapishwa inatuambia maneno. Haituambii mwigizaji alisimama wapi, taa ilizimwa saa ngapi, hadhira ilicheka mahali gani ambapo mwandishi hakutarajia kicheko. Hayo yamo katika nakala ya mwongozaji, ile yenye alama za kalamu ya risasi pembezoni: ingia kushoto, nyamaza, ngoma ianze hapa. Nakala hizo ndizo hasa zinazotupwa mtu anapohama nyumba. Vivyo hivyo programu za usiku wa onyesho, mabango, tiketi, picha, maleba.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 jukwaani Oktoba 1976 alizaliwa 1956. Fanyeni hesabu wenyewe. Wazee hawa wako Nairobi, wako Kakamega, wako Nyeri, wengine wako ng'ambo, na wanakumbuka. Kila mwezi tunaokaa bila kuwarekodi tunapoteza kitu ambacho hakuna bajeti itakayokirudisha.

Sheria haituzuii. Tunayo Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006. Mwaka 2007 Kenya iliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, na mwaka 2014 ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Isukuti haikuandikishwa kama ngoma za mti na ngozi zilizowekwa kabatini. Iliandikishwa pamoja na wapigaji wake, harusi zake, matanga yake, na namna mzee anavyomfundisha kijana. Ombi langu ni kwamba jicho hilo hilo tulitumie kwa ukumbi wetu: tuhifadhi uigizaji unaotendeka ndani yake, na mafunzo yanayopita kutoka kwa mwongozaji hadi kwa mwanafunzi wake.

Tunakoelekea

Mwenyekiti, muda wangu unakaribia kwisha, na sikutaka kuondoka bila mapendekezo yanayoweza kutekelezwa.

Naomba ukumbi utenge tarehe zisizoguswa kila Oktoba, za The Trial of Dedan Kimathi na Betrayal in the City kwa kupokezana, au za tamthilia mpya zinazojibizana nazo. Tarehe hizo ziandikwe kwenye kalenda kabla ya kukodishiwa yeyote, awe mhubiri, awe mfanyabiashara, awe mgeni wa heshima. Naomba pia wiki nzima kila mwaka iwe ya Kiswahili, na siku nyingine zigawiwe lugha nyingine za Kenya kwa zamu, tuanze na vikundi ambavyo vimekuwa vikicheza kwenye kumbi za mitaa bila kupata nafasi mjini.

Kaunti ya Jiji na shule zisaidiane kuhusu usafiri. Mtoto wa Kaloleni au Kariobangi akifika Barabara ya Harry Thuku jioni, awe na njia salama ya kurudi nyumbani. Tulisema tangu mwanzo kwamba kutazama mchezo usiku kunadai uhuru wa kutembea usiku. Siku hizi kizuizi ni nauli na usalama, na vyote viwili vinaweza kupangwa.

La mwisho ni chumba cha kumbukumbu ndani ya Kituo cha Utamaduni, chenye mtu mmoja mwenye ujuzi na mshahara, na kinasa sauti. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa fasihi na historia wanaotafuta mada za tasnifu. Wapeni majina ya waigizaji wa 1976 na 1982, wawatafute. Kazi hiyo haihitaji kungoja fedha nyingi.

Novemba 2052 ukumbi utatimiza miaka 100. Wanafunzi mlioko hapa mtakuwa ndio viongozi wa siku hiyo, na mtaulizwa mna nini cha kuonyesha. Kwa hiyo nawaomba tuanze na lililo karibu. Walio na programu za zamani, picha au nakala za michezo nyumbani, mezani pale mlangoni kuna daftari; andikeni jina la mchezo na mwaka, tutawafuata sisi wenyewe. Na barua ya kuomba tarehe za Oktoba ijayo nimekuja nayo. Ina nafasi ya saini nyingi.  Sasa nayapokea maswali yenu.